Jicho Linalopima Mchana

Tarehe 16 Julai 1962, kijana wa Kifaransa wa miaka 23, Michel Siffre, aliteremka katika pango la Scarasson, kwenye milima ya Alps mpakani mwa Ufaransa na Italia. Saa aliiacha juu. Chini alikuwa na hema, barafu na taa. Kila alipoamka, alipokula na alipotaka kulala aliwapigia simu wenzake wa juu, nao wakaandika saa bila kumtajia. Jaribio lilipomalizika tarehe 14 Septemba, alidhani ni 20 Agosti.

Hesabu ya siku ilikuwa imempotea kabisa. Lakini daftari la wenzake lilionyesha jambo jingine: mwili haukupotea. Uliendelea kulala na kuamka kwa mpangilio, kila mzunguko ukichukua wastani wa saa 24 na nusu. Kumbe mwili una saa yake, na huenda hata bila jua.

Basi jua la nini? Piga hesabu. Saa inayochelewa nusu saa kila siku, baada ya siku 24 imechelewa saa 12. Usiku wa manane yenyewe inahesabu adhuhuri. Vipimo vya baadaye, katika mwanga hafifu, vilionyesha kuwa saa ya binadamu huchelewa dakika kama 10 tu kwa siku. Hata hizo hujumlika. Lazima pawe na kitu cha kuirekebisha kila siku, na kitu hicho hasa ni mwanga.

Saa yenyewe ni kifundo cha seli zipatazo 20,000 ubongoni, juu tu ya pale neva za macho mawili zinapokutana. Na ndani ya jicho, kando ya seli za kuonea, zipo nyingine chache ambazo kazi yake kubwa si kuchora picha. Hupima ukali wa mwanga, hasa wa buluu, na kuipelekea saa habari. Zilithibitishwa mwaka 2002. Hilo hunistaajabisha sana: jicho lilikwisha kuchunguzwa karne nyingi, na seli hizi zilikuwamo humohumo.

Mwanga wa asubuhi huiwahisha saa. Wa usiku huichelewesha. Huenda ndiyo sababu Siffre, aliyewasha taa yake kila alipokuwa macho, alivuka zile dakika 10. Mwanga wa usiku pia huzuia melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia. Nasi hatuhisi tofauti vizuri, kwa kuwa macho huzoea upesi: chumba chenye taa tunakiona cheupe, kumbe mara nyingi kina mwanga wa luksi mia chache tu, ilhali nje mchana, hata kivulini, huwa maelfu.

Wapo vipofu ambao seli hizo bado ni nzima. Hawaoni chochote, lakini saa yao hufuata jua. Wasiofikiwa na mwanga kabisa, wengi wao saa huteleza siku hadi siku: majuma kadhaa wanalala vizuri usiku, kisha usingizi unahamia mchana, halafu unarudi. Baadhi yao husaidiwa na dozi ndogo ya melatonini, inayomezwa saa ileile kila jioni.