Wikendi ya wawili Berlin: pandeni U6

Jumapili yetu ya kwanza Berlin tulishinda njaa. Hela tulikuwa nazo. Tusichojua ni kwamba Ujerumani maduka hufungwa Jumapili, kuanzia supamaketi hadi duka la viatu. Kwenye friji palikuwa na mayai mawili na maziwa nusu chupa. Mume wangu alizunguka mitaa mitatu, akarudi na pakiti moja ya biskuti aliyoipata kwenye kiduka cha pembeni. Chumba kimoja, nje mvua, watu wawili wamenuniana mpaka jioni. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa wanandoa waliohamia huku hauhusu makumbusho wala bustani: nunueni chakula Jumamosi. Mkisahau, supamaketi zilizomo ndani ya vituo vikubwa vya treni, kama Hauptbahnhof, huwa wazi Jumapili, ila foleni yake mtakuja kuisimulia.

Jumapili hiyo hiyo hamruhusiwi kutoboa ukuta kwa drili wala kufungulia muziki mpaka jirani asikie. Kwa hiyo tokeni.

Kabla ya kutoka, elewaneni na tiketi. Vituo vya treni za mjini havina geti wala mlinzi. Unashuka ngazi, treni hiyo, unaingia, na mgeni hudhani mambo yameisha. Tiketi ya karatasi sharti igongwe mhuri kwenye kisanduku kilichopo jukwaani kabla ya kupanda. Sisi tulikuwa na tiketi mbili tulizozinunua kihalali, hazina hata alama. Kijana wa suruali ya jinzi, ambaye tulimdhania abiria mwenzetu, akasimama mbele yetu na kutoa kitambulisho. Faini ni euro 60 kwa kila kichwa. Nilijitetea kwa Kijerumani changu cha miezi miwili. Akanisikiliza kwa adabu zote, huku anaandika. Anayesafiri karibu kila siku ni heri achukue Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi. Inakubalika kwenye mabasi, treni za mjini na treni za mikoani nchi nzima, isipokuwa zile za mwendo kasi. Ni ya mtu mmoja, kwa hiyo kila mmoja awe na yake.

Sasa tafuteni U6, treni inayolikata jiji kutoka kaskazini hadi kusini. Kwa Mtanzania sijaona njia nyingine yenye mambo ya kwao mengi kama hii.

Shukeni kituo cha Naturkundemuseum, mwende makumbusho ya elimu ya viumbe yaliyo hatua chache kutoka hapo. Katikati ya ukumbi mkubwa amesimama dinosaria Giraffatitan, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Simameni chini ya kifua chake muangalie juu. Shingo inapanda mpaka mnaanza kusikia maumivu ya shingo zenu wenyewe. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wachimbaji walikuwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, kichwani na begani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Mume wangu ni mtu wa Lindi. Alipiga picha akamtumia baba mkwe, na jibu likaingia kabla hatujatoka ukumbini: "Huyo si wa kwetu huyo? Mwambieni arudi, nauli tutachanga."

Nendeni asubuhi, maana kuanzia saa sita mchana ukumbi hujaa watoto. Jumatatu makumbusho hayo hayafunguliwi. Na msidanganywe na vitabu vya zamani vinavyosema Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya Berlin ni bure. Mpango huo ulikoma mwishoni mwa 2024.

Pandeni tena U6 kuelekea kaskazini, mshuke Afrikanische Straße. Mtaa mzima una majina ya kwetu: Sansibarstraße, Ugandastraße, Tangastraße, Usambarastraße. Majina hayo hayakuwekwa kwa mapenzi. Ni kumbukumbu za enzi ambapo Wajerumani walijiona wenye nchi zetu. Barabara iliyoitwa Petersallee, ambayo wengi waliijua kuwa ni ya Carl Peters, yule wazee wetu waliyemwita Mkono wa Damu, ilibadilishwa jina Agosti 2024. Upande mmoja sasa ni Maji-Maji-Allee, upande wa pili Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa mwaka 1959 akipinga ubaguzi wa rangi. Ni mtaa wa kawaida wa nyumba za ghorofa na baiskeli zilizoegeshwa, dakika tano mmeumaliza. Sisi tulisimama chini ya kibao cha Maji-Maji-Allee muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Pembeni kuna bustani ya Rehberge yenye miti mingi. Fungeni chapati na chai ya chupa, mle huko.

Mwisho wa kusini wa matembezi haya ni Tempelhofer Feld, mshuke Paradestraße au Tempelhof. Ulikuwa uwanja wa ndege hadi 2008. Tangu 2010 ni bustani ya watu wote, bila kiingilio. Barabara ya kurukia ndege bado ipo, na watu huendesha baiskeli juu yake upepo ukiwasukuma. Kuchoma nyama kunaruhusiwa kwenye sehemu zilizotengwa tu. Mageti hufungwa giza likiingia.

Kiangazi nendeni ziwani. Kivuko cha F10 kutoka Wannsee hadi Kladow huchukua dakika 20, na tiketi ile ile ya mjini inatosha. Neno moja tu: mkiona kibao cha FKK, hapo watu huogelea uchi, wazee kwa vijana. Hakuna atakayewatazama, ninyi ndio hamtajua pa kuweka macho.

Wikendi moja, safari moja. Tuliwahi kubeba nne kwa siku mbili, tukagombania ramani hadi usiku. Siku hizi tunapokezana: wiki hii anachagua yeye, wiki ijayo mimi, na asiyechagua haruhusiwi kulalamika hadi tuwe tumekula.

Baridi ikija, badilisheni saa, msibadilishe mpango. Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni. Aliyeamka saa tano na kuoga polepole atakuta siku imekwisha. Tokeni saa tatu asubuhi, mkiwa na glovu mfukoni na tiketi iliyogongwa mhuri.