Nusu Saa ya Kwanza ya Kamshafti

Visima virefu vingi vya Kaunti ya Wajir bado vinategemea jenereta ya dizeli, hata pale ambapo paneli za sola zimeshafika. Habaswein, kwa mfano, maji ya mwamba wa Merti yako zaidi ya mita 100 chini ya ardhi, na hayapandi yenyewe. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha, na jenereta hizo zikanguruma mchana na usiku. Injini inayofanya kazi hivyo hufika siku kamshafti yake ikalika. Fundi huagiza mpya, huifunga, huwasha, kisha kwa kuionea huruma injini huiacha izunguke polepole bila kuikanyagia mafuta, akiamini kwamba kitu kipya hakisukumwi. Huruma hiyo ndiyo inayoila kamshafti mpya. Ili kuona sababu, inabidi tuanzie chini kabisa.

Injini ya mipigo minne hufungua valvu ya hewa mara moja na valvu ya moshi mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo gia ya kamshafti huwa na meno mara mbili ya gia ya krenki, nayo huzunguka kwa nusu ya kasi. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na jenereta ya poli nne huutoa kwa mizunguko 1500 kwa dakika, basi kamshafti hapo huzunguka mara 750. Juu yake zimepangwa nundu. Nundu ikipanda, husukuma tapeti. Tapeti husukuma pushirodi. Pushirodi huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili hukandamiza valvu ifunguke, huku springi ikiipinga. Zipo injini zenye kamshafti juu ya silinda, na zipo zenye tapeti za rola, na hizo zina kanuni zake. Hapa nazungumzia zile za pushirodi na tapeti bapa, ambazo bado tunazo kwenye visima na kwenye malori mengi ya zamani.

Sasa tupime nguvu. Chukulia kwamba springi iliyobanwa hadi mwisho inaikandamiza tapeti kwa nyutoni 1000. Huo ni uzito wa kilo 100 hivi, yaani magunia mawili ya sukari ya kilo 50. Magunia hayo yamekaa juu ya eneo gani? Nundu imeviringika na tapeti ni bapa, kwa hiyo hugusana kwenye mstari tu. Chuma nacho hubonyea kidogo kikikandamizwa, na mstari ule ukapata upana, tuseme milimita 0.2. Nundu yenye unene wa milimita 15 itakuwa na eneo la mguso la milimita 3 za mraba, dogo kuliko punje ya mchele. Gawanya 1000 kwa 3, upate nyutoni zaidi ya 300 kwa kila milimita moja ya mraba. Na mguso huo hauko mahali pamoja: unateleza, mara 750 kila dakika, kwenye kila nundu.

Wabunifu wa injini walijua kwamba hakuna chuma kitakachovumilia mtelezo huo mahali palepale. Ndiyo maana tapeti inayoitwa bapa mara nyingi si bapa kabisa; uso wake umetuna kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Nundu nayo huwekwa pembeni kidogo ya kitovu cha tapeti, na katika injini nyingi huchongwa kwa mteremko mdogo. Matokeo yake ni kwamba kila nundu ikipita huizungusha tapeti kidogo, na mguso unaofuata huangukia sehemu nyingine ya uso. Tapeti ikikwama na kuacha kuzunguka, nundu itachimba mfereji mmoja uleule, na tapeti hiyo haina maisha.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho. Paka nukta ya rangi nyeupe kwenye kila pushirodi, karibu na ncha ya juu, kabla ya kuwasha. Ondoa kifuniko cha roka, washa injini, na utazame. Pushirodi hupanda na kushuka kwa kasi mno kwa jicho kuifuata, lakini nukta utaiona ikizunguka taratibu, ikijificha nyuma na kurudi mbele. Nukta iliyosimama upande mmoja ni taarifa ya kuzima injini na kuitoa tapeti ile uikague. Mimi siijui njia nyingine rahisi namna hii ya kuona kinachotendeka ndani ya bloku.

Tuingie ndani zaidi, kwenye uso wenyewe. Nundu mpya inang'aa, ila jiwe la kusagia la kiwandani limeacha juu yake vilima na mabonde yanayopimwa kwa sehemu za maikroni. Utando wa oili unaopita kileleni mwa nundu mara nyingi ni mwembamba kuliko vilima hivyo. Kwa hiyo siku ya kwanza chuma hugusa chuma. Hilo haliepukiki, nalo lina faida yake: vilima husagana, hulainika, na uso wa nundu ukaoana na uso wa tapeti yake. Kazi ya kutengeneza kamshafti humalizikia ndani ya injini. Swali ni kama vilima vitasagika taratibu, au vitashikana kwa joto, ving'olewe vipande vipande, na vipande hivyo vichimbe vingine.

Hapo ndipo mwendo wa polepole unapodhuru, kwa njia mbili. Ya kwanza ni oili. Katika injini nyingi za aina hii nundu hazipati oili ya bomba. Huloweshwa na matone yanayorushwa na krenki inapozunguka. Krenki ikizunguka polepole, matone ni machache. Utando wenyewe pia hujengwa na kasi: nyuso zinazoteleza ndizo zinazoiburuta oili iingie kati yao, na kasi ikipungua kwa nusu, unene wa utando hubaki takriban asilimia 60.

Ya pili wengi hawaijui. Tapeti ikifika kileleni mwa nundu lazima isimame na ianze kushuka, pamoja na pushirodi, roka na valvu. Kinachovirudisha vyote hivyo ni springi. Sehemu ya nguvu yake hutumika kuvisukuma virudi, na ile inayobaki ndiyo inayokandamiza nundu. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kuvirudisha huongezeka mara nne, na nundu ikapata nafuu kileleni. Injini inayozunguka polepole haina nafuu hiyo: magunia yote mawili yako juu ya nundu, na oili ni kidogo.

Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huipandisha injini mara tu inapowaka, hadi kati ya mizunguko 1500 na 2500, na kuibakiza humo kwa dakika 20 hadi 30, wakiibadilisha kasi kidogo kidogo ili matone ya oili yaangukie pande zote. Injini kubwa ya lori isivuke kiwango cha kitabu chake. Ya jenereta iko kwenye 1500 tayari. Iache hapo, swichi ya kupeleka umeme kwenye pampu ikiwa imezimwa. Kwa 1500, katika dakika 20, kila nundu inakuwa imepita chini ya tapeti yake mara 15,000. Baada ya hapo washa pampu, kwa kuwa injini ya dizeli kuendeshwa muda mrefu bila mzigo nako kuna madhara yake, hasa ringi zikiwa mpya.

Maandalizi ndiyo yanayoamua kama nusu saa hiyo itapita bila kukatizwa. Nundu na nyuso za tapeti zipakwe grisi nyeusi ya molibdenamu. Lakini kila mzunguko wa stata bila injini kuwaka huifuta grisi hiyo, na hakuna mwendo wa polepole kuliko wa stata. Basi zungusha injini kwa stata kabla ya kufunga roka na pushirodi, dizeli ikiwa imefungwa, hadi oili ichipuke kwenye tundu la roka. Wakati huo hakuna springi inayoikandamiza nundu. Ukishafunga roka, toa hewa yote kwenye mabomba ya dizeli, ili injini iwake kwa jaribio la kwanza. Na tapeti ziwe mpya zote. Tapeti ya zamani imeshachukua umbo la nundu nyingine, na itaila hii mpya.

Chagua oili kwa kusoma kopo. Tangu miaka ya 1940 oili za injini hutiwa kiungo chenye zinki na fosforasi, ambacho kwa joto na msuguano hujenga ngozi ngumu juu ya chuma, nyembamba ya sehemu ndogo tu ya maikroni. Oili nyingi za petroli za kisasa zimepunguziwa fosforasi ili isiharibu kisafishaji cha moshi cha magari. Oili ya dizeli iliyoandikwa CI-4 haina kikomo hicho.

Wajir ina maadui wawili zaidi. Mchanga una chembe za kwatsi, ambayo ni ngumu kuliko nundu yenyewe, kwa hiyo osha sehemu zote kwa dizeli safi, zifunike, na ufunge mapema asubuhi kabla upepo haujaanza. Adui wa pili ni maji. Visima vifupi vya mji wa Wajir vimechimbwa kwenye mwamba wa chokaa, na maji yake yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakichemshwa, gesi iliyoiyeyusha hutoroka na chokaa ikarudi kuwa jiwe ndani ya njia za rejeta. Injini ikichemka dakika ya kumi utalazimika kuizima, na ukiiwasha tena grisi imeshakwisha. Tumia maji ya mvua au ya betri, pamoja na dawa ya rejeta.

Ukimaliza, mwaga oili ikiwa bado moto, badilisha filta, na uikate ile ya zamani uikague. Ukungu wa kijivu ni vilima vilivyosagika. Vipande vinavyometameta ni nundu inayovunjika. Pima nafasi za valvu kwa fila geji, upime tena baada ya siku chache za kazi. Nafasi ya valvu moja ikiendelea kupanuka, tapeti au nundu yake inalika.

Kamati ya kisima inayoagiza kamshafti kutoka Nairobi iagize pamoja nayo tapeti zote, filta mbili na oili ya kutosha kujaza injini mara mbili. Na siku ya kuifunga, wafugaji waambiwe mapema kwamba maji yatachelewa asubuhi hiyo, ili fundi asiharakishwe.