Paka anapokojolea mswala: Tusimfukuze kabla ya kumwelewa



Ndugu msomaji, huenda ukashangaa mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu kuziacha mada nzito za umma na kuandika juu ya mkojo wa paka. Lakini jambo hili limenifika ndani ya nyumba yangu, limenivurugia swala, limenigombanisha na mke wangu, na nusura linitie katika dhulma ambayo mimi mwenyewe ndiye ninayewaonya wanafunzi wangu darasani. Nimeona nilieleze, kwani najua nyumba nyingi za Waislamu zina paka, na si chache zenye mtihani kama wangu.

Kisa chenyewe

Mwaka jana tulihama kutoka Magomeni kwenda Mbagala, hapa hapa Dar es Salaam. Wiki ya tatu tangu kuhamia, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili. Tulihama pamoja na paka wetu dume, mwenye umri wa miaka miwili, tunayemwita Chui kwa sababu ya madoa yake. Kule Magomeni alikuwa mstaarabu kabisa. Akishikwa na haja alitoka nje, akachimba, akafukia.

Huku Mbagala mambo yakageuka. Alianza na pazia la sebuleni, akafuata mguu wa meza, kisha begi langu la madaftari ya wanafunzi. Nikavumilia. Mpaka Alfajiri moja umeme umekatika, nikauchukua mswala uliotundikwa nyuma ya mlango, nikautandika gizani, nikaleta takbira. Niliposujudu nilipokewa na harufu ambayo haihitaji taa. Nikakata swala, nikaosha uso, nikabadili nguo, nikatafuta mswala mwingine.

Siku hiyo nilimpiga Chui kwa kandambili, na kila nilipomkuta na kosa nikampiga tena. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyompiga ndivyo alivyozidi. Mama mkwe wangu, aliyekuja kumsaidia binti yake uzazi, akaniambia, "Baba, nyumba yenye mtoto mchanga haikai na paka mkojozi. Mtieni kwenye kiroba, akamwagwe sokoni." Mke wangu akaunga mkono. Nami nikakubali, nikaagana na kijana wa jirani aje Jumamosi.

Ijumaa yake nilikuwa na kipindi cha kidato cha pili, na somo lilikuwa ni huruma kwa viumbe. Nikawasimulia ile hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Ustadh, na yule anayemlea paka mpaka akasahau kujitafutia, kisha akamtupa sokoni, yeye je?"

Nilisimama na chaki mkononi. Sikuwa na jibu la kumpa, kwani kiroba kilikuwa tayari kipo jikoni kwangu. Sisemi kwamba hukumu za watu hao wawili ni moja, hilo nawaachia maulamaa. Lakini sababu ya adhabu katika hadithi ile ni kumpuuza kiumbe aliye chini ya mkono wako. Basi mimi nilikuwa mbali kiasi gani na sababu hiyo? Jioni nikamwambia yule kijana asije.

Kwanza tujue hukumu ya twahara

Baadhi yetu tunachanganya mambo mawili. Imepokewa katika vitabu vya Sunan na katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Abu Qatada (RA) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na mkwewe Kabsha alipostaajabu akamweleza kuwa Mtume (SAW) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hiyo inahusu mwili wa paka na mabaki ya alichonywea. Haihusu mkojo wake. Mkojo wa paka ni najisi, na mwenye kuswali juu yake huku anajua, swala yake haikutimia masharti.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, mkojo huu ni najisi ya kati, si nzito kama ya mbwa na nguruwe. Hauhitaji kuoshwa mara saba wala udongo. Kinachotakiwa ni kuiondoa najisi yenyewe, kisha kupitisha maji safi. Ikibaki harufu peke yake baada ya kujitahidi, imesamehewa.

Hapa pana kosa linalofanyika sana. Mswala wenye mkojo unatumbukizwa ndani ya beseni la maji. Maji machache yakiingiwa na najisi nayo yananajisika, kwa hiyo mswala haukutwaharika. Sahihi ni kuyamimina maji juu ya mswala yakapita na kutoka, kama Mtume (SAW) alivyoamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali alipokojoa yule bedui msikitini. Vile vile kuuanika mswala juani peke yake hakutoshi, kwani jua linakausha, halitwaharishi.

Lakini twahara inatibu athari tu. Kama paka ataendelea kukojoa kila siku, utafua mswala mpaka uchakae. Lazima tuulize: kwa nini anafanya hivi?

Paka anasema nini?

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo, nikidhani ataniandikia dawa. Badala yake aliniuliza maswali. Akikojoa anachuchumaa au anasimama? Anatoa mkojo mwingi au kidogo? Anakojoa chini au ukutani?

Ndipo nikajifunza kwamba kuna mambo mawili tofauti. Paka mwenye haja ya kawaida huchuchumaa na kumwaga mkojo mwingi mahali palipolala. Paka anayeweka alama husimama, akageuzia mgongo ukuta, pazia au mlango, akainua mkia ukawa unatetemeka, kisha akarusha mkojo kidogo kwa nyuma. Huyu hakushikwa na haja, anaandika barua. Anawaambia paka wengine, na anajiambia mwenyewe, kwamba hapa ni kwangu.

Paka wa nyumbani asili yake ni paka mwitu wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake na kulinda eneo lake kwa harufu. Akiwa na amani, hujisugua mashavu kwenye viti na miguu yetu, akiacha harufu ya utulivu. Akiwa na hofu, hutumia mkojo. Na mambo yanayomtia hofu yanajulikana: kuhama nyumba, mtoto mchanga, mgeni, samani mpya, kubadilika kwa saa za chakula, ugomvi na paka mwenzake, au paka wa nje anayekuja dirishani.

Nilipohesabu, nikakuta Chui amepata karibu yote kwa mwezi mmoja. Tumehama. Mtoto amezaliwa. Mama mkwe amekuja. Chumba alichozoea kulala amekatazwa. Na kila usiku kulikuwa na dume kubwa la mtaani linalokaa juu ya ukuta, linamwangalia kupitia wavu wa dirisha la sebuleni, pale pale penye pazia alilolianzia. Juu ya hayo yote nikamwongezea kandambili! Paka haelewi kwamba anapigwa kwa ajili ya mkojo wa saa mbili zilizopita. Anachoelewa ni kwamba hata mwenye nyumba amekuwa adui, hofu inazidi na alama zinazidi.

Tahadhari kabla ya yote

Daktari alisisitiza kwamba kabla ya kusema paka ana msongo, ahakikishwe kuwa si mgonjwa. Paka anayechuchumaa mara kwa mara, anayelia akikojoa, anayetoa damu au anayekunywa maji kupita kawaida anahitaji kupimwa. Na dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni wa kukimbizwa kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani njia ikiziba anaweza kufa kwa siku chache tu. Wala tusiwape paka Panadol tukidhani tunawaonea huruma. Dawa hiyo inaua paka, hata kidonge kimoja.

Msongo wenyewe nao unaweza kuzaa ugonjwa. Profesa Tony Buffington, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alitafiti kwa miaka mingi paka wenye uvimbe wa kibofu usio na chanzo kinachoonekana. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia paka 46 wa majumbani wenye maradhi hayo. Wenye paka walielekezwa kuyaboresha mazingira ya mnyama, na dalili zikapungua kwa kiasi kikubwa. Tazama basi hekima ya Muumba: hata mnyama akikosa utulivu wa nyumba, mwili wake unaumia.

Tulichokifanya

Kwanza, tuliacha kumpiga na kumfokea, nyumba nzima.

Pili, tulisafisha kila mahali alipoweka alama, kwani harufu ikibaki humrudisha pale pale. Mke wangu alikuwa akitumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, mpaka koo likimuwasha. Kumbe klorini ikichanganyika na mkojo hutoa hewa yenye sumu, hatari kwa mtoto mchanga. Dawa zenye amonia nazo hunukia kama mkojo, zikamwita paka upya. Tukatumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, tukasuuza, kisha tukamimina maji safi kwa ajili ya twahara.

Tatu, tuliziba sehemu ya chini ya lile dirisha kwa kadibodi ili asionane na dume la nje, na tukaacha kumwaga mabaki ya samaki uani, kwani ndiyo yaliyokuwa yakimleta.

Nne, tulimwekea mabeseni mawili ya mchanga mkavu, mbali na chakula chake. Kanuni ni beseni moja kwa kila paka na jingine la ziada, na uchafu utolewe kila siku.

Tano, tulimpa mahali pake. Boksi juu ya kabati, lenye khanga kuukuu ndani, na watoto wakakatazwa kumfuata huko. Chakula kikawa kwa saa zile zile.

Sita, nilichukua kitambaa safi, nikamsugua mashavuni, kisha nikakipitisha kwenye mguu wa meza na kona ya mlango, iwe harufu yake ya amani mahali pa ile ya hofu. Mswala nao ukahamia ndani ya kabati.

Baada ya wiki tatu, alama za kila siku zikawa moja au mbili kwa wiki.

Suala la kuhasi

Daktari alishauri ahasiwe, kwani kwa madume karibu tisa katika kumi huacha au hupunguza sana tabia hii. Hapa nilisita, nikaenda kwa sheikh wangu. Akanieleza kwamba maulamaa wametofautiana. Imam Nawawi na wenzake katika Mashafi wanakataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Mahanafi wanaruhusu pakiwa na manfaa. Na katika maulamaa wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin ameruhusu kwa paka wanapokuwa wengi na wakawa kero, kwa sharti operesheni isiwadhuru, akaona ni bora kuliko kuwaua. Sheikh aliniambia nipime madhara mawili: kumtupa, au kumhasi kwa daktari mjuzi na kwa ganzi. Nikachukua la pili. Anayeona vinginevyo simlaumu, na kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini.

Mwezi wa pili alama zilikoma. Zimerejea mara moja tu, siku ya Idi, nyumba ilipojaa wageni. Safari hii hakuna aliyeshika kandambili. Mke wangu alileta ndoo, nami nikafungua kabati ili Chui apande kwenye boksi lake.

Mama mkwe alipokuja tena kututembelea alimkuta amelala mlangoni mwa chumba cha mtoto. Akamtazama kwa muda, akasema, "Kumbe alikuwa na lake." Kisha akamkatia kipande cha samaki.

Ndugu zangu, nimekuwa nikifundisha huruma kwa viumbe kwa zaidi ya miaka kumi, na nilihitaji swali la mwanafunzi ili nianze kuitenda. Ukimkuta paka wako amebadilika, usikimbilie kiroba. Jiulize kwanza ni nini kimebadilika ndani ya nyumba yako. Na yule binti wa kidato cha pili, Jumatatu yake nilimjibu mbele ya darasa: niliwaeleza kwamba mtu aliyekuwa akitaka kumtupa paka ni mimi.

Wabillahi tawfiq.