Nimekula chipsi za mafuta ya ng'ombe, sasa nawakwepa wenzangu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Leeds, Uingereza, na ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila Ijumaa mchana wenzangu huagiza samaki na chipsi kwenye duka la jirani, nami nimekuwa nikila nao tangu nianze kazi. Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe kuchukua oda, nikaona ubao ukutani: hapa tunakaangia mafuta ya ng'ombe. Nilikufa ganzi. Mimi ni Mwislamu, nyama isiyo halali siigusi. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nasingizia tumbo. Wenzangu wameanza kuninunia, na mwenye duka natamani nikamseme mbele ya wateja wake. Nifanye nini? S.M.*

Marahaba, mwanangu S.M. Pole sana. Najua uchungu wa kugundua kuwa kitu ulichokila kwa raha, tena na watu unaowapenda, hakikuwa ulivyodhani. Hukumu ya dini kamuulize imamu wa msikiti ulio karibu nawe, mimi si sheikh. Ila hili tulifundishwa sote chuoni tukiwa wadogo: aliyefanya pasi na kujua si sawa na aliyekusudia. Kwa hiyo usijitese usiku kucha.

Mwenye duka hakukudanganya

Kukaangia mafuta ya ng'ombe ni desturi kongwe ya Yorkshire, na wenyeji wengi wanaifuata ladha hiyo hiyo. Kusini, London na kwingineko, aghalabu hutumia mafuta ya mimea, ndiyo maana anayetoka huko akihamia Leeds huenda asishtuke mpaka aambiwe. Sheria ya Uingereza inamtaka muuzaji aweze kukueleza kama chakula chake kina vitu 14 vinavyowadhuru wenye mzio, samaki na ngano vikiwamo. Ng'ombe hamo. Na huyu wa kwenu ameandika ubaoni, kila aingiaye asome. Utamsema kwa kosa gani? Ukimfokea mbele ya watu, habari itafika kazini kabla yako, na watakaobaki na aibu ni wewe na kila Mwislamu atakayeingia dukani humo baada yako. Hilo liache.

Tumbo la uongo

Hapa nitakuwa mkali, mwanangu. Unafanya kazi na wazee. Kwenye nyumba kama hizo mfanyakazi mwenye tumbo la kuhara au kutapika hatakiwi kazini mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome, kwa sababu ugonjwa mdogo kwako unaweza kumlaza kitandani mzee wa miaka tisini. Wewe unasema tumbo, halafu unaendelea kumlisha bibi wa watu kwa mkono wako! Siku msimamizi akiliangalia hilo vizuri, ama atakurudisha nyumbani bure, ama atajua unasema uongo. Yote mawili yataingia kwenye mkate wako.

Na wenzako je? Wao hawajui lolote kuhusu mafuta. Wanachokiona ni mtu aliyekuwa akicheka nao, akichovya chipsi kwenye njegere zilizopondwa, ghafla hataki hata kukaa mezani. Watadhani mmegombana, au umeanza kuwadharau. Mficha uchi hazai.

Tena usidhani hawataelewa. Ijumaa ya samaki yenyewe imetoka kwenye dini: Wakatoliki walikuwa hawali nyama siku hiyo, na mazoea yakabaki hata kwa wasiokwenda kanisani. Watu waliorithi mlo wao kwenye mwiko wa imani hawatashindwa kuelewa mwiko wako.

Dirishani, uliza

Leeds na jirani yake Bradford zina Waislamu wengi, na maduka ya samaki na chipsi ya halali yapo. Lakini popote uendapo, usiridhike na jibu la "mafuta ya mimea" peke yake. Uliza kama samaki hukaangwa kaango moja na soseji, kwa kuwa soseji za huko nyingi ni za nguruwe. Uliza pia rojo la ngano analovishwa samaki limekorogwa kwa maji au kwa bia, maana wapo wanaotumia bia ili ganda livimbe na kukauka vizuri. Vile vipande vya ganda vinavyobaki kwenye mafuta, wanavyokutilia bure juu ya chipsi, navyo vimepita humo humo. Muuzaji anaulizwa mambo haya kila siku, hatakuona mjinga. Akisitasita, shukuru, uondoke.

Nawe usisubiri watu wakutafutie. Lete wewe jina la duka ulilokwisha kulihakiki, uwaambie wenzako, "Wiki moja tuagize hapa." Wakikataa, beba chakula chako kutoka nyumbani, ukae meza ile ile. Walichokikosa ni wewe, si kile ulichokuwa ukila.

Ijumaa hii, kabla oda haijapigwa, mfuate yule anayekusanya oda. Mwambie mafuta ni ya ng'ombe, dini yangu hairuhusu, na tumbo langu ni zima, niwieni radhi kwa kuwaficha. Kisha niandikie.