Uchovu wa Mwanamke Akomaapo Hedhi: Si Kila Udhaifu ni Uzee

Ndugu zetu wasomaji, darsa letu la leo ni juu ya jambo ambalo wanaume hulionea haya na wanawake hulinyamazia: uchovu umshikao mwanamke hedhi yake inapokaribia kukoma na baada ya kukoma. Wala hapana haya katika kuuliza lenye manufaa. Qur'ani yenyewe imewataja wanawake waliokata tamaa ya hedhi, katika Suratut-Talaq, ilipoeleza eda yao. Ikiwa twaijua hukumu yao, yatupasa tuijue na hali yao.

Mifano yetu tumeitoa Migori na Homa Bay, kandokando ya Ziwa Viktoria. Huko wako jamaa zetu wa Pwani waliofuata biashara, na mjini Kendu Bay pana msikiti wa zamani. Tena huko uchovu huu umechanganyika na maradhi mengine hata ni shida kuutenga. Na ajuaye kuutenga huko, hatashindwa hapa kwetu.

Basi tuanze na umri wenyewe. Wanawake wengi hukoma hedhi baina ya miaka 45 na 55. Husemwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila ya damu, wala pasiwe na sababu nyingine. Kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ya mageuzi: homoni iitwayo estrojeni hupanda na kushuka, kisha ikapungua. Ndipo mwanamke hushikwa na joto la ghafla kifuani na usoni. Usiku akatota jasho, akaamka, usingizi ukakatika. Na asiyelala usiku hana nguvu asubuhi. Huu ndio uchovu wa umri, nao ni wa kweli, si uvivu wala si deko.

Lakini si kila uchovu wa umri huo ni huu. Mtazameni mwanamke mwuza omena wa Mbita au wa Muhuru Bay. Omena, ambao ni dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Naye hana budi kuwapo ufukoni alfajiri anunue, aanike juani, ageuze, apakie, apeleke sokoni. Akirudi nyumbani yamngoja maji, kuni na wajukuu. Afikapo miaka 48 akasema, "Nimechoka," wote humjibu, "Ni utu uzima." Pengine katika miezi ile hedhi yake imekuwa ikija kwa fujo na kwa wingi, kama ijavyo kwa wengi kabla ya kukoma, na damu imempungua mwilini. Malaria ya pande zile za ziwa nayo yaipunguza. Kichocho kipatikanacho kwa kuingia katika maji ya ziwa chaipunguza, na safura kadhalika. Huyu uzee haujamlaza. Upungufu wa damu ndio uliomlaza, nao hujulikana kwa kipimo kidogo na hutibika.

Liko na jambo kubwa zaidi. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018, Homa Bay ndiyo iliyoonekana kuwa na virusi vya Ukimwi zaidi ya kaunti zote za Kenya: karibu mtu mzima mmoja katika kila watano. Na ilikuwa ni katika hospitali ya serikali ya Homa Bay, mwaka 2001, ambapo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa bure dawa za kuvizuia virusi hivyo. Fanyeni hesabu. Mwanamke aliyezianza mwaka ule akiwa na miaka 28 leo amekwisha kuipita 50. Walikuwa wakihesabiwa kuwa ni watu wa kuzikwa. Leo wamefikia umri wa kukoma hedhi. Hii ni neema, lakini ina mtihani wake. Mwanamke huyo akitoka jasho usiku na kuishiwa nguvu, huenda ni hedhi inayokoma; huenda ni kifua kikuu, ambacho nacho huleta jasho la usiku; huenda dawa yake haifanyi kazi ipasavyo. Akidhani ni uzee, kifua kikuu kitamla. Akidhani ni dawa imchoshayo akaiacha, virusi vitainuka tena. Hawezi kupambanua kwa kukisia, wala jirani yake hawezi.

Hapa ndipo mganga huingia. Kwa Waluo liko neno chira: ni maradhi ya kukonda na kudhoofika yanayodhaniwa kuwa yameletwa na kuvunjwa kwa mwiko. Wako waliopoteza miezi wakitafuta mwiko uliovunjwa, na kifua kikuu kikizidi. Wala tusiwacheke. Huku kwetu mwanamke wa umri huo, joto likimpanda na moyo ukimwenda mbio, je, haambiwi kuwa ana pepo? Hakuchezewa ngoma, fedha zikatoka, na damu yake haikupimwa? Chira ya kule na pepo wa huku ni mlango mmoja, na ndani yake hamna dawa. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, hakutuamrisha kupunga.

Basi mambo ya kufanya ni haya:

(1) Mwanamke aliyechoka majuma kadhaa apimwe damu, malaria, sukari na shinikizo la damu, na tezi ya shingo ikiwa tabibu ameona haja. Ajue na hali yake ya virusi.

(2) Joto la hedhi inayokoma hupita kwa dakika chache; homa hukaa. Kikohozi kilichozidi majuma mawili, pamoja na kukonda na jasho la usiku, kipelekwe hospitali upesi.

(3) Damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukoma, isiwe ni jambo la kuulizwa fatwa tu. Masheikh watamweleza sala yake. Lakini tabibu naye amtazame, kwa kuwa yaweza kuwa ni dalili ya saratani.

(4) Ale vyakula vya kuongeza damu: dagaa, kunde, mchicha na mboga nyinginezo za majani, pamoja na ndimu au chungwa. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini; aingoje kama saa moja.

(5) Alale chumba chenye hewa, kwa nguo nyepesi, na chandarua kisiachwe. Atembee kila siku. Mwili usiotumika huzidi kuchoka.

(6) Joto na jasho vikimshinda, yako matibabu ya homoni. Hayamfai kila mwanamke, khasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti; kwa hiyo ni ya kushauriana na tabibu.

Mwisho twasema na waume na watoto. Mwanamke huyu amebeba nyumba yenu miaka 30. Akisema amechoka, msimwambie kuwa amezeeka. Mchukueni ndoo mkononi, kisha mfuatane naye hospitali. Ikionekana kuwa ni umri tu, mtakuwa mmempa raha ya moyo. Ikionekana kuwa ni maradhi, huenda mkawa mmemwokoa. Na Mwenyezi Mungu ndiye aafikishaye.