Kazi Ndogo za Nyumbani na Malezi ya Uwajibikaji kwa Mtoto wa Miaka 3 hadi 5

Huko Ngumbo, kandokando ya Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, mtoto huanza kujifunza kazi kabla ya kuanza shule. Mama anapoanika usipa, yaani dagaa wa Nyasa, mtoto huweza kukaa karibu naye akiondoa majani na vijiti. Kwa kazi hiyo ndogo hujifunza kwamba naye ana sehemu yake katika familia, na kwamba alichokianza hutarajiwa akimalize.

Kazi ilingane na umri. Mtoto wa miaka 3 anaweza kupanga viatu. Wa miaka 4 anaweza kuwapa kuku chakula. Wa miaka 5 anaweza kuchambua maharage au kufagia kwa ufagio mdogo. Mzazi aonyeshe kwanza, wafanye pamoja, kisha amwachie. Maji yakimwagika, mtoto apewe kitambaa ayafute. Akichapwa, atajifunza kuogopa kazi, si kuwajibika.

Ipo kazi isiyomfaa kabisa: kutumwa ziwani kuchota maji au kuosha vyombo bila mtu mzima. Mtoto wa umri huu huweza kuzama kwa dakika chache, mara nyingi bila kupiga kelele, na kaka au dada mwenye miaka 7 hatoshi kuwa mlinzi wake. Maji ya ufukweni huweza pia kuwa na vimelea vya kichocho. Moto na visu navyo viwekwe mbali naye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi inayoweza kudhuru afya, elimu au makuzi yake.

Kwa mhudumu wa afya, swali moja kliniki lina manufaa makubwa: “Mama, mtoto anakusaidia kazi gani nyumbani?” Jibu huweza kufichua hatari, na pia huonyesha makuzi. Mtoto wa miaka 3 hutarajiwa kufuata agizo lenye hatua mbili, kama vile “chukua kikombe, mpelekee bibi.” Asipoweza, wazazi wasiharakishe kumwita mkaidi, achunguzwe usikivu na maendeleo ya makuzi yake. Huenda yule anayegombezwa kila siku kwa uvivu ni mtoto asiyesikia vizuri.