Nyutroni Zinazochelewa

Katika likizo nalikuwa nyumbani kwetu Nakivale, nikizungumza jioni na mzee jirani, mwenyeji wa Likasi, Kongo. Likasi si mbali na Shinkolobwe, machimbo yaliyowapa Wamarekani sehemu kubwa ya urani yao katika vita ya pili ya dunia. Aliposikia kwamba nasoma fizikia akaniuliza, "Mwanangu, yale mawe yetu yakishawaka ndani ya kinu cha atomiki, nani awezaye kuyazuia?" Nikajibu upesi kwamba ziko fito zinazomeza nyutroni, nazo huteremshwa kinuni. "Na mkono wa mtu waweza kuyawahi?" Nikakosa jibu. Niliona haya, kwani nilikuwa nimejigamba kidogo.

Niliporudi shuleni Mbarara nikapiga hesabu. Kiini cha urani kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, na hizo hupasua viini vingine. Katika kinu cha maji, tangu nyutroni kuzaliwa hata kumezwa ni kama sehemu moja ya 10,000 ya sekunde. Tuseme nyutroni 1,000 zinafuatwa na kizazi cha 1,001. Ongezeko hilo ni dogo. Lakini sekunde moja ina vizazi 10,000, na 1.001 ikizidishwa kwa yenyewe mara 10,000 hutoa zaidi ya 20,000! Kinu kingeharibika kabla mtu hajainua mkono. Basi mzee aliuliza jambo la haki.

Jibu lilionekana mwaka 1939 huko Washington. Roberts, Meyer na Wang walikuta kwamba nyutroni chache huendelea kutoka sekunde nyingi baada ya urani kupasuka. Kwa urani 235 ni kama 65 katika kila 10,000.

Zatoka wapi? Tutazame bromini 87, mojawapo ya vipande vya urani iliyopasuka. Ina protoni 35 na nyutroni 52, na nyutroni hizo zimezidi mno. Kwa hiyo moja hugeuka kuwa protoni, na kiini hutupa nje elektroni pamoja na antineutrino. Huko ndiko kuoza kwa beta. Nusu ya bromini hiyo huoza kwa sekunde 55 hivi. Kinachobaki ni kriptoni 87, yenye nyutroni 51. Nyutroni 50 hukaa imara kama watu waliojaza benchi. Ya 51 imekaa ukingoni, na elektroni-volti milioni 5.5 zatosha kuing'oa. Kuoza kwenyewe hutoa karibu milioni 6.8. Aghalabu kriptoni haibakiwi na nishati ya kutosha, lakini mara 2 au 3 katika 100 hubakiwa nayo, na ile nyutroni hutoka papo hapo.

Hapa nalikosea, hata nikawafundisha wadogo zangu wa darasa la chini kosa hilo: nalisema nyutroni yenyewe husubiri. Sivyo. Kinachokawia ni beta. Nyutroni haikawii hata kidogo.

Ugumu ni kujua mapema ni viini vingapi vitakavyobakiwa na nishati hiyo. Fermi alitoa nadharia ya beta mwaka 1934, lakini hiyo peke yake haitoshi. Hapana budi kujua pia ngazi za nishati ndani ya kila kiini, nazo ni nyingi mno. Takahashi na Yamada, mwaka 1969, walizichukua kwa jumla, kwa wastani. Njia yao hufaa kwa viini vingi pamoja, ila kwa kiini kimoja yaweza kukosa sana, na kwa hiyo wataalamu wangali wanapima.

Tukizitia nyutroni 65 zile katika hesabu yetu ya kwanza, nguvu ya kinu huchukua kama dakika moja kufika karibu mara tatu. Dakika moja yatosha kuteremsha fito.

Nilimpelekea mzee jibu hilo. Akafikiri, kisha akasema, "Na ongezeko likizidi hizo 65?" Nikamwambia kwamba hapo zile za upesi hazingojei tena zinazochelewa, na mkono hauwezi kuwahi, ndiyo sababu vinu hutengenezwa ili ongezeko lisifike huko. Nikamweleza pia kwamba kinu cha kwanza cha Afrika kiliwashwa mwaka 1959 nchini kwake, katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Hilo hakulijua, akanituma nimwite mkewe aje asikie.

Hesabu zote zimo katika daftari langu. Anayezitaka anione bwenini, ila alete kalamu yake.